Kupima Jeuri Wanayofanyiwa Wauguzi Hospitalini: Mfano wa Masasi na Newala

(Matini ya mazungumzo)



Mazungumzo haya yanahusu jambo linalojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi ya zamu hospitalini, lakini ambalo aghalabu haliandikwi popote. Jambo lenyewe ni jeuri wanayofanyiwa wauguzi na wagonjwa, na zaidi na jamaa na wageni wanaofuatana na wagonjwa hao: matusi, vitisho, kusukumwa, kupigwa makofi, kuraruliwa sare. Kuwepo kwa mambo hayo hakuna anayekubishia. Linalotakiwa kujulikana ni yanapimwa vipi, ili Serikali na wenye kuendesha hospitali waelewe ni mengi kiasi gani, yanatokea wapi na saa ngapi, na kama mwaka huu yamepungua au yamezidi kuliko mwaka uliopita.

Wilaya za Masasi na Newala, katika Mkoa wa Mtwara, zimechukuliwa kuwa mfano kwa sababu zenye uzito. Kwanza, wilaya hizo si ngeni kwa watu wa visiwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja akifuatana na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi na kuingia bara kwa miguu. Nia ilikuwa kufika Ziwa Nyasa, lakini kundi lile lilituama Masasi, chini ya majabali makubwa yanayoonekana hadi leo na kila msafiri wa barabara ya Mtwara. Mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliuvamia mji huo, na baada ya hapo sehemu ya shughuli za misheni ikahamishiwa Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Tiba ilifuata nyayo hizo. Mwaka 1935 alifika Dk. Leader Stirling, aliyefanya kazi Lulindi katika hospitali ya kuta za udongo na mapaa ya nyasi, na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Wabenediktini nao walifungua kituo chao Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao ikawa miongoni mwa hospitali kubwa za kusini. Leo wananchi wa eneo hilo hutibiwa Mkomaindo mjini Masasi, katika Hospitali ya Newala, Ndanda, na katika vituo vya afya na zahanati zilizotawanyika vijijini.

Sababu ya pili inatokana na hali ya nchi yenyewe. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda, ukitazama chini bonde la Mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo ya pili. Juu ya uwanda huo hakuna mito. Tangu zamani wanawake walikuwa wakiteremka magenge kwa miguu kutafuta maji na kupanda nayo kichwani, na ingawa mradi wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950, maji hayajaacha kuwa shida. Mtu anaweza kuuliza maji yanahusiana vipi na muuguzi kupigwa. Yanahusiana sana. Pahala ambapo maji ni ya shida na chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani, mgonjwa halazwi peke yake. Huja na mama, dada, shangazi na watoto, na kila mmoja ana kazi yake: huyu kachota maji, yule anapika uwanjani, mwingine anafua. Hospitali huwahitaji watu hao, na hapo hapo huwazuia kwa saa za kutazama wagonjwa. Anayesimama mlangoni kuwaambia kwamba saa imekwisha ni muuguzi.

Ipo pia mila ya ukoo. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli kubwa katika mambo ya wapwa zake, maradhi yakiwemo. Mjomba huyo huenda hakuwepo mgonjwa alipopokewa. Hufika siku ya pili au ya tatu, pengine usiku, ametoka shamba la mbali kwa pikipiki, na hutaka kuelezwa. Kwa upande wake ni haki tupu. Kwa upande wa muuguzi aliye peke yake na wagonjwa wengi, ni mtu wa nne kuuliza swali lile lile, na kwa kanuni za hospitali si yeye aliyeandikwa katika karatasi kuwa ndugu wa karibu. Hojaji nyingi zilizotungwa Ulaya hutenga "mgonjwa" na "mgeni" katika visanduku viwili na kuishia hapo. Kwa Masasi na Newala visanduku viwili havitoshi. Anayelala sakafuni chini ya kitanda cha mgonjwa kwa wiki mbili hawezi kuhesabiwa pamoja na aliyepita dakika kumi kuleta uji, maana sababu za ugomvi wao ni mbali mbali na dawa yake ni mbali mbali.

Basi upimaji huanza na neno. Bara, katika nyaraka za Serikali, hutumika neno "ukatili"; huku visiwani neno lililozoeleka ni "udhalilishaji". Yote mawili ni mazuri kwa nyaraka, lakini muuguzi akiulizwa "Je, umewahi kufanyiwa ukatili kazini?" wengi hujibu hapana, kwa sababu neno hilo kwao lina maana ya damu na polisi. Muuguzi huyo huyo akiulizwa kama amewahi kutukanwa na jamaa wa mgonjwa, hucheka na kuuliza, "Leo au jana?" Kwa hiyo hojaji yenye manufaa haiulizi jina la kosa, huuliza kitendo: kusonywa, kupigiwa kelele, kutukaniwa mama, kuoneshwa kidole, kufungiwa njia, kuvutwa nguo, kusukumwa, kupigwa kwa mkono, kupigwa kwa kitu.

Uwanda wa Makonde wenyewe una ushahidi wa zamani juu ya thamani ya neno la wenyeji katika upimaji. Mwaka 1952 na 1953 yalizuka maradhi ya homa na maumivu makali ya viungo katika vijiji vya Newala na jirani zake. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliyachunguza na kuyaandika mwaka 1955, na kirusi chake kilipatikana katika damu ya wagonjwa wa huko huko. Jina walilolipokea ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Leo jina hilo, chikungunya, linatumika katika kila hospitali duniani, Brazil na India zikiwemo, na wengi wanaolitamka hawajui Newala iko wapi.

Vyombo vya kupimia jeuri dhidi ya wauguzi vimekwisha kutengenezwa vingi. Sweden, mwaka 1987, ilitolewa fomu fupi ambayo mtumishi huijaza mara tu tukio linapomalizika: nini kilichochea, mgonjwa alitumia nini, alimlenga nani, madhara yalikuwa yapi, na nini kilifanywa kumtuliza. Fomu hiyo ilikusudiwa wodi za maradhi ya akili. Mwaka 2002 na 2003 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Kazi Duniani, Baraza la Kimataifa la Wauguzi na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa huduma za umma walitoa kwa pamoja miongozo na hojaji iliyotumika katika nchi kadhaa. Huko Hispania, katika Chuo Kikuu cha Murcia, mwaka 2013 ilichapishwa hojaji nyingine kwa ajili ya wauguzi wa hospitali za umma na jeuri ya watumiaji wa huduma peke yake, yaani wagonjwa na jamaa zao. Ina maswali 10 tu, yaliyogawika katika jeuri ya mwili na jeuri isiyo ya mwili, na kila swali hujibiwa kwa ngazi sita kuanzia "kamwe" hadi "kila siku". Ufupi wake ni fadhila kubwa. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku hawezi kujaza kurasa ishirini, na akizijaza, majibu ya kurasa za mwisho si ya kuaminiwa.

Matokeo ya hojaji hizo hutangazwa kwa asilimia, na hapo ndipo panapohitaji hadhari. Katika uchunguzi ule wa 2002, wafanyakazi wa afya waliosema walipatwa na angalau tukio moja la jeuri ya mwili au ya kisaikolojia ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 75.8 Bulgaria, 61 Afrika Kusini, 54 Thailand na 46.7 Brazil. Rwanda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walikuwa asilimia 39. Mwaka 2019 watafiti waliokusanya pamoja tafiti 253 zenye watumishi zaidi ya 331,000 walipata kwamba asilimia 61.9 walikumbwa na jeuri ya aina yoyote katika mwaka, na asilimia 24.4 walikumbwa na jeuri ya mwili. Je, Rwanda ni nchi ya watu wapole kuliko Bulgaria? Huenda ni kweli, huenda si kweli. Tarakimu hizo peke yake haziwezi kujibu, kwa kuwa waulizaji walikuwa tofauti, maneno yalikuwa tofauti, na muuguzi wa pahala pamoja huona kuwa tusi ni jeuri ilhali wa pahala pengine huliona kuwa ni sehemu ya kazi.

Kwamba jibu hubadilika kwa kubadilika pahala pa kuulizia, Tanzania ina mfano wake ulio wazi, ingawa unatoka upande wa pili wa kitanda. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, Mkoa wa Tanga, wanawake waliojifungua katika vituo vya tiba waliulizwa kama walitendewa vibaya na watumishi wakati wa uzazi. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa majumbani wiki 5 hadi 10 baadaye na kuulizwa yale yale, waliosema ndiyo walifikia asilimia 28. Ni wanawake wa wilaya zile zile, waliojifungulia katika vituo vile vile. Kilichobadilika ni kwamba nyumbani hakukuwa na koti jeupe karibu. Muuguzi naye ni vivyo hivyo. Akiulizwa ofisini kwa Metroni, na hojaji ikabaki mezani kwa Metroni, atasema kidogo. Akiulizwa na mtu asiyetoka katika hospitali yake, akiwa kwake, atasema zaidi.

Katika wilaya kama Newala kuna tatizo jingine ambalo watafiti wa miji mikubwa hawalikumbuki. Hojaji huahidi siri: haitaki jina. Lakini ukurasa wa kwanza hutaka jinsia, umri, wodi na miaka ya kazi. Katika hospitali ya wilaya, ukiandika mwanamume, umri wa miaka 50 na zaidi, wodi ya watoto, huhitaji kuandika jina. Kila mtu amekwisha kukujua. Kwa hiyo ukurasa huo unatakiwa upunguzwe hadi yale ya lazima, au majibu ya hospitali kadhaa, tuseme Masasi, Newala na Ndanda, yachanganywe kabla ya mtu yeyote wa hospitali hizo kuyaona.

Kisha lipo suala la utani. Vita vya karne ya 19 baina ya Wangoni na makabila ya kusini viliacha nyuma utani ambao hadi leo hufanya kazi msibani, sokoni na hospitalini. Mzee aliyelazwa anaweza kumwambia muuguzi wa Kingoni maneno ambayo, yakiandikwa katika karatasi na kusomwa Dar es Salaam, yataonekana ni kashfa nzito. Muuguzi hujibu kwa maneno mazito zaidi, wodi nzima hucheka, na mgonjwa hunywa dawa aliyokuwa akiikataa. Lakini si kila anayejidai mtani ni mtani, na wapo wanaojificha nyuma ya utani kumtukana msichana aliyetoka chuoni juzi, asiyekuwa mtani wa mtu. Njia iliyo rahisi ni kumwachia mwenye kuambiwa aseme: baada ya kuulizwa kama alitamkiwa maneno makali, aulizwe tena kama yalimuumiza au yalimtia hofu. Maswali ya Murcia hayana nafasi ya kutenga mzaha wa watani na tusi, na yakitafsiriwa neno kwa neno yatahesabu yote kuwa mamoja.

Vitisho navyo vina lugha yake. "Utanitambua" ni kitisho. "Hunijui mimi" ni kitisho pia, na maana yake mara nyingi ni kwamba msemaji ana ndugu mwenye cheo, na kitumbua cha muuguzi kitaingia mchanga. Wapo pia wanaotishia kwa mambo ya uchawi, na muuguzi anayeishi nyumba ya kupanga mtaa mmoja na mtishaji hawezi kuyachukulia maneno hayo kwa wepesi, awe anaamini au haamini. Hojaji ya kigeni huuliza kama mtu ametishwa kwa silaha. Mtunga hojaji wa Masasi na Newala atafanya vyema kukaa na wauguzi wa huko, wa umri mkubwa khasa, akaandika vitisho kama wanavyovisikia kabla ya kupanga maswali yake.

Hata maneno yakishatengenezwa vyema, hesabu yaweza kupotosha. Tuchukue hospitali ya kufikirika yenye wauguzi 60. Wakiulizwa, 30 wanasema walifanyiwa jeuri katika miezi 12 iliyopita. Hiyo ni asilimia 50, na ndiyo itakayotangazwa. Lakini tuseme matukio yenyewe yalikuwa 90. Kila muuguzi akifanya zamu 240 kwa mwaka, jumla ya zamu ni 14,400, kwa hiyo ni matukio 6 na robo kwa kila zamu 1,000. Sasa tuseme robo ya zamu hizo, yaani 3,600, ni za usiku, na kwamba matukio 54 kati ya 90 yalitokea usiku. Usiku basi una matukio 15 kwa kila zamu 1,000, na zamu nyinginezo, ambazo ni 10,800 na zilikuwa na matukio 36, zina matukio 3 na theluthi moja. Anayefanya kazi usiku amekaa katika hatari mara nne na nusu zaidi ya mwenziwe wa mchana. Asilimia 50 iliyotangazwa haikusema lolote kuhusu hilo, na mwenye kuajiri mlinzi hakupata la kumwongoza. Pengine atamweka mlangoni saa za mchana, maana mchana ndipo wageni wanapoonekana wengi.

Muda wa kuulizia nao una athari zake. Miezi 12 ni mingi kwa kumbukumbu ya binadamu. Kofi la mwaka juzi huingizwa katika mwaka huu kwa sababu bado linauma, na tusi la mwezi uliopita husahaulika kwa sababu yalifuata mengine. Mwezi mmoja unakumbukwa vizuri, lakini mwezi upi? Katika Masasi na Newala msimu wa korosho, ambao mavuno yake huwa zaidi Oktoba hadi Disemba, huleta fedha, safari, pombe na ajali za pikipiki. Mvua zikifuata, malaria hujaza wodi za watoto. Hospitali iliyopimwa Novemba na ile iliyopimwa Julai hazilinganishiki, hata kama zimetumia karatasi moja. Ndiyo sababu wenye uzoefu husisitiza vitu viwili kwenda pamoja: hojaji ya mara moja kwa mwaka, katika mwezi ule ule kila mwaka, na daftari la matukio linaloandikwa kila siku.

Daftari, hata hivyo, lina maradhi yake. Muuguzi haandiki kwa sababu anajua kitakachofuata. Ataitwa na kuulizwa yeye alisema nini hata jamaa wakakasirika. Tukio likiwa la kupigwa, atatakiwa kwenda kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, ile ile anayowadai majeruhi wengine kila siku, kisha arudi nayo hospitalini kwake atibiwe na wenzake. Kushambulia mtu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, awe ni muuguzi au mwingine yeyote, lakini kesi hutaka mashahidi, na mashahidi ni wagonjwa ambao wameruhusiwa na kurudi vijijini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri wa bara ahakikishe usalama wa mtumishi kazini, na huku Zanzibar ipo Sheria Nambari 8 ya mwaka 2005. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 nayo inahusu wanaoumia wakiwa kazini. Kwa sheria zote hizo, jeraha ambalo halikuandikwa siku lilipotokea ni gumu kulithibitisha mwezi wa pili.

Jambo ambalo wakuu wa hospitali wanastahili kuambiwa mapema ni kwamba daftari likianza kutumika ipasavyo, idadi ya matukio katika mwaka wa kwanza itapanda. Hiyo ni dalili kwamba watu wameanza kuandika. Metroni atakayeulizwa na Halmashauri kwa nini hospitali yake imekuwa ya fujo ghafla, mwaka wa pili atahakikisha daftari ni jeupe. Ipo njia ya kulitambua hilo: kulinganisha daftari na hojaji ya siri ya mwaka ule ule. Hojaji ikisema matukio 90 na daftari likasema 9, basi kilichopimwa na daftari ni woga.

Hapana budi pia kusema juu ya wale wanaofanya jeuri, maana hawakutoka nyumbani na nia ya kupiga mtu. Tangu mwaka 1993, uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali bara, muuguzi amekuwa mtu wa kutaja fedha. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wamesamehewa malipo, na jamaa wanalijua hilo kwa sababu wamelisikia redioni. Wakiambiwa wakanunue glavu au dawa dukani kwa kuwa stoo hakuna, huona wanaibiwa, na mwizi wanayemwona mbele yao ni muuguzi. Aliyeshindwa kuagiza dawa hawamwoni. Kadhalika wapo wauguzi wenye kauli mbaya, na matokeo ya Korogwe na Muheza yaliyotajwa juu ni ushahidi. Kuna wanaohofia kwamba kupima jeuri dhidi ya wauguzi ni kuwafunika makosa yao. Hofu hiyo itaondoka iwapo katika fomu kutakuwa na nafasi ya kuandika lililotangulia: mgonjwa alisubiri muda gani, aliambiwa nini, dawa ilikuwepo au haikuwepo, jamaa walielezwa hali ya mgonjwa na nani. Fomu ile ya Sweden ilianza na swali la kichocheo.

Ichukuliwe zamu ya usiku ya kawaida katika wodi ya watoto, hospitali yoyote ya wilaya. Muuguzi ni mmoja, pamoja na mhudumu. Mtoto ameletwa na degedege, hana damu ya kutosha, na mtaalamu wa maabara ameitwa kutoka nyumbani kwake. Mama amekaa kimya. Wanaume watatu wamesimama mlangoni, na kila dakika mmoja huuliza damu iko wapi. Muuguzi anatafuta mshipa kwa mara ya tatu. Anasukumwa begani, sindano inachomoka, inamchoma kidole. Mtoto anapona, alhamdulillahi, na asubuhi wale wanaume wanakuja kushukuru. Muuguzi anaanza dawa za kinga kwa siku 28 kwa sababu ya sindano. Katika kitabu cha ripoti ya zamu ameandika kwamba mtoto amepata damu, hali inaendelea vizuri.

Tukio hilo likitafutwa katika asilimia za dunia halipo. Likitafutwa katika takwimu za ajali za sindano huenda lipo, likiwa limeandikwa kuwa ni uzembe wa mtumishi. Kilichotakiwa kulinasa ni ukurasa mmoja wenye saa, wodi, idadi ya wauguzi waliokuwepo na idadi ya wagonjwa, aliyefanya na uhusiano wake na mgonjwa, kitendo chenyewe, kilichotangulia, jeraha, na hatua iliyochukuliwa. Ukae pamoja na kitabu cha ripoti, ujazwe kabla ya kukabidhi zamu, na usiwe na nafasi ya kuandika jina la muuguzi ila kwa hiari yake. Nakala iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kila mwezi, na kila miezi mitatu wauguzi wasomewe kilichopatikana na wajulishwe kilichofanyika, hata kama kilichofanyika ni taa ya ukumbini iliyokuwa imeungua miezi sita na sasa inawaka.